Kabaya wa Muhumba

Mwaka wa hamsini na sita nilivuka ziwa kutoka Kigoma kuja Congo kutafuta kazi ya kulea watoto, na jambo la kwanza nililoambiwa nilipofika ni kwamba huku kazi hiyo hufanywa na wanaume wenye ndevu.

Aliyeniambia ni shangazi yangu Kulthumu, dada yake baba, aliyeolewa Bukavu tangu mimi sijaota meno. Nilikuwa hata sijafungua furushi. Nilikuwa nimeshuka melini Kalundu, bandari ya Uvira, nimepanda lori la chumvi, tumekaa nusu siku kwenye kizuizi cha Ngomo tukingoja magari yanayoshuka yaishe, maana njia ile ya mlimani ilikuwa haitoshi magari mawili kupishana. Nilikuwa na vumbi mpaka ndani ya masikio. Shangazi akanipa maji, akaniangalia nikinywa, akatikisa kichwa.

"Mwamvua, mwanangu, nani alikudanganya? Wazungu wa huku wanaandika boyi. Boyi anapika, boyi anafua, boyi anabembeleza. Juzi tu nimepita Ibanda, nimeona dume zima, mabega kama mlango, limekaa kwenye majani linapuliza uji wa mtoto."

"Mbona Kigoma wanataka yaya?"

"Kigoma ni Waingereza. Hapa ni Wabelgiji. Kila mzungu na vituko vyake."

Nitarudi vipi, na nimeshafika? Pale Uvira ofisa alinigongea karatasi ya siku kumi na tano. Ndani ya siku hizo nipate mtu wa kuniandika kazi, atie sahihi, niipeleke karatasi kwenye biro ya Bukavu, yaani ofisi ya serikali, igongwe muhuri mwingine. Nisipopata, ni lori, ni meli, ni Ujiji kwa kaka yangu Maneno. Kaka hakuwa na neno. Lakini tangu nilipoachika na kurudi kwake nilikuwa nalala stoo kati ya magunia ya dagaa, na kila nikimaliza kula, wifi yangu alikuwa akifunua chungu, anachungulia ndani, kisha ananichungulia mimi, kama mtu aliyeibiwa na anamjua mwizi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilijiambia, afadhali kubembeleza mtoto wa watu kuliko kubembeleza wifi.

Basi nikaanza kupiga hodi. Kila asubuhi nilishuka kutoka Kadutu kwa shangazi, nikakata mji, nikaingia kwenye zile barabara za wazungu za Ibanda na Muhumba zinazoteremka ziwani. Mlango wa kwanza Madame alidhani nauza mayai, akaniuliza yako wapi. Wa pili alimwita bwana wake aje anione, wakanitazama wote wawili, wakafunga. Wa tatu ulikuwa na mbwa. Wa nne alifungua boyi mwenyewe, mtoto mkononi, kitambaa begani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote, kisha akaniuliza:

"Sasa maman, weye ukilea huyu, miye nitakulia wapi?"

Nilimwambia shingo ya mtoto imelala vibaya, aishike vizuri, nikaenda zangu.

Siku kumi na moja zikaisha hivyo. Jumatatu, zimebaki nne, nilikuwa nimekaa barazani nikimsaidia mume wa shangazi kushona vifungo. Mzee Atumani alikuwa fundi wa nguo, cherehani chake palepale barazani, na mbele yake hakukosekana mtu wa kuzungumza naye. Siku ile akaja mtu mfupi, shati jeupe limenyooka, amebeba suruali mbali na mwili kama anayepeleka paka aliyekufa jalalani.

"Fundi, angalia hii pantalo ya Monsieur. Unaweza kuiponyesha?"

Mzee Atumani akaikunjua. Alama ya pasi, nyeusi tii, ilikuwa imekaa palepale Monsieur anapokalia.

"Philémon, hii umepiga pasi au umechoma mbuzi?"

"Mukono moja pasi, mukono ngine mutoto! Miye ni mupishi, fundi. Sikuzaliwa na mikono ine."

"Na Grégoire aliyekuwa anabeba mtoto?"

"Alienda kwabo Bunyakiri kuoa. Alisema siku tano tu. Leo njo juma ya tatu."

"Labda pombe ya harusi haijaisha."

"Pombe ya ndizi kumaliza juma tatu? Weye mwislamu, nyamaza, haujui kitu."

Wakacheka wote wawili. Kumbe walikuwa wamezoeana. Philémon alikuwa mtu wa kabila la Bashi, wa upande wa Kabare, na alikuwa amepikia wazungu miaka mingi mpaka hata akikaa kwenye kigoda chetu alikuwa anakipangusa kwanza.

"Sasa Madame amekasirika," akaendelea. "Anasema baboyi bote batakwenda tu kuoa. Anataka mwanamuke."

Ndani ya nyumba kifuniko kilianguka. Shangazi akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Anataka nini?"

"Mwanamuke, maman, wa kulea mutoto. Lakini atamupata wapi? Banamuke ba hapa biko na batoto yabo, biko na mashamba yabo."

Shangazi alininyooshea mwiko. "Huyu hana shamba."

Philémon akanipima toka kitambaa cha kichwani mpaka vidole vya miguu.

"Unajua kulea?"

"Najua," nikasema.

"Kesho asubuhi, Muhumba, geti ya kijani, kwa Madame Delvigne. Lakini sikia vizuri: ukifika, umusifu mutoto. Usisahau! Jirani yetu, Madame Pirotte, iko na kijana yake Adalbert. Kila siku anamuleta ku barza yetu: Adalbert anatembea, Adalbert iko na meno kumi, Adalbert anasema bonjour. Madame yangu anachoka. Umuambie wake ni muzuri, na kazi ni yako."

"Kwani si mzuri?"

"Muzuri sana sana!"

"Mashallah," shangazi akadaka upesi, kama anayedaka sahani inayoanguka.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, na sikushtuka. Kwetu Ujiji mtoto hasifiwi. Ukimwona mtoto akakupendeza, unamwita mbaya, unamtukana kidogo, unatema mate pembeni, ili kijicho kinachopita kimsikie kuwa ni mbaya, kijiendee. Nina ndugu zangu walioitwa Takataka na Jalala, na wakazeeka na majina hayo, wakiwashukuru mama zao. Lakini desturi ni kama harufu ya nyumba yako; mwenyewe huisikii. Philémon aliponiambia "umsifu," mimi nilikubali kwa kichwa, na kichwa changu kikaelewa kama kilivyofundishwa.

Kesho yake nilikuta tuko wawili. Kwenye ngazi za barza alikuwa amekaa msichana mmoja, Adolphine, viatu vyeupe na soksi, barua ya Masista imelala magotini ndani ya bahasha. Akasogea kunipa nafasi, akanisalimu vizuri. Mimi nilikuwa na kanga mbili na miguu niliyoiosha kwenye bomba la barabarani.

Madame akatoka. Mrefu, mwembamba, macho ya mtu asiyelala. Alisoma barua ya Adolphine, akaitikia kwa kichwa mara mbili. Kisha akanigeukia, nami nikampa karatasi yangu ya Uvira.

"Hii hapana barua."

"Ndiyo, Madame, si barua."

"Wewe nalea mutoto mbele?"

"Mmoja, Madame."

"Ya mzungu?"

"Hapana. Wangu."

Hakuuliza zaidi. Akamwita Philémon, na Philémon akatoka jikoni na aproni yake, amembeba Camille.

Miezi minane. Mashavu kama maandazi yaliyoumuka, mikono ina vikunjo kama imefungwa uzi, macho yana rangi ya ziwa saa nne ya asubuhi. Akaniangalia, akafikiri kidogo, akacheka, na ndani ya kicheko kulikuwa na meno mawili tu, yamesimama kama walinzi wa posta. Moyo wangu uliruka. Mdomo ukaufuata bila kuomba ruhusa.

"Jamani, kabaya haka! Kabaya kama chura! Pua hiyo uliiokota wapi, wewe?"

Nikageuka pembeni nikatema mate kidogo, ptu, kwenye maua.

Sasa, Madame alikuwa hana Kiswahili kingi, lakini neno "baya" alilijua kuliko maneno yote. Ndilo alilokuwa akilitumia kutwa: supu baya, pasi baya, boyi baya. Halikuhitaji mtu wa kulieleza.

"Mutoto yangu," akasema polepole, "iko baya?"

"Sana, Madame!" nikajibu kwa furaha, nikidhani tumeelewana.

Philémon alifunika uso kwa ule mkono uliokuwa hauna mtoto. Adolphine akasimama, akapangusa gauni, akasema kwa sauti yake ya kanisani:

"Madame, mutoto iko muzuri kabisa. Iko kama ka-malaika."

Mwili wote ulinisisimka. Mbele ya watu wanne, mchana kweupe, bila hata kutema!

"Nyamaza wewe!" nikamgeukia. "Unataka kumwua?"

Na hilo pia Madame alilisikia. Akanyoosha kidole. Mwisho wa kidole kulikuwa na geti ya kijani.

Nyumbani shangazi alicheka mpaka akakaa mkekani, akajipiga magoti, akacheka tena. Halafu akanikumbuka, akaacha.

"Chura, Mwamvua? Hukuona mnyama mwingine?"

"Ndiye aliyenijia."

"Mama yake huyu," Mzee Atumani akasema, uzi mdomoni, "alipomwona mtoto wetu wa kwanza alimwita tumbili aliyenyeshewa. Nilifurahi siku nzima. Nikajua nimekubaliwa ukweni."

"Madame hakufurahi."

"Labda kwao kijicho hakuna."

"Kijicho kiko kila mahali," shangazi akasema. "Wao tu ndio hawajakutana nacho."

Jumatano nilipiga hodi kwenye milango sita. Kwenye mmoja walinipa kazi ya kuokota majani uani, wakidhani ndiyo niliyoijia, na nikayaokota, kwa sababu nilikuwa nimechoka kueleza. Jioni nilikunja nguo zangu nikazipanga kwenye furushi, lakini sikulifunga. Niliona nikilifunga nitakuwa nimejifukuza mwenyewe kabla ya serikali.

Alhamisi, jua halijapata nguvu, Philémon huyo, kikapu cha soko mkononi, anapumua kama amekimbizwa.

"Chura iko wapi?"

"Usiniite hivyo."

"Kuya haraka! Adolphine amekataa nepi. Anasema Masista walimufundisha kushona na kuimba, nepi hapana. Na iko na haki, barua yake haiseme nepi. Ameaga vizuri, amekwenda. Sasa jana ni miye nimefua. Supu ya Monsieur ilitoka na povu."

"Na Madame anasema nije?"

"Nimemubembeleza. Nimesema, Madame, ule ni muntu wa mbali, njo desturi ya kwabo. Amesema sawa. Lakini mbele ya yote, asimame hapa, aseme mutoto iko muzuri, kwa sauti, miye nisikie. Akisema, natia sahihi ku karatasi yake leo." Akaninyooshea vidole vitatu. "Maneno tatu tu, Mwamvua. Mutoto, iko, muzuri. Hata kasuku anaweza."

Nilisimama pale, sindano mkononi. Shangazi akanivuta ndani kwa kiwiko.

"Utasema."

"Sitaweza, shangazi."

"Sema kwa mdomo, halafu moyoni uongeze mashallah. Mungu anasikia hata ya moyoni."

"Yule mama wa sokoni hakusema mashallah?"

Shangazi akaniachia kiwiko. Alijua, kwetu walijua wote, na habari ilivuka ziwa kabla yangu. Mwanahawa wangu alikuwa na miezi saba. Mama mmoja muuza mawese alimwinua kidevu kwa kidole akasema, "Hiki kitoto kizuri, mashallah, sijapata kuona," na alisema kwa moyo safi, hata mafuta alinipimia na nyongeza. Ijumaa ya pili yake tulimzika. Baadaye mume wangu akaona nyumba imekuwa kimya mno, akaniacha. Sitaandika mengi juu ya hilo. Kilichonibakia ni mikono. Ilikuwa imeshazoea uzito, na kila nikiiacha mitupu inatafuta cha kubeba. Ndiyo sababu nilifikiria kazi hii na si nyingine.

"Alisema," shangazi akajibu mwishowe.

"Basi."

Hakubishana tena. Alinipa viazi vitamu viwili nile njiani, kama mtu anayepeleka mtoto shule.

Mteremko wote Philémon alinifundisha.

"Mutoto."

"Mutoto."

"Iko."

"Iko."

"Na ya mwisho?"

"Philémon, kuna jiwe hapo mbele yako, angalia."

"Jiwe nimeliona! Na ya mwisho?"

"Hivi ile suruali ya Monsieur, alama ilitoka?"

Akasimama katikati ya barabara, akaweka kikapu chini. "Mwamvua. Miye nina bibi na batoto tano, na ku nyumba yangu sijapata kufua nepi hata moja. Unisikilie huruma."

Nilimsikilia huruma. Nilikuwa nimejisikilia na mimi pia. Nilikuwa naiona karatasi, naona sahihi ya Madame juu yake, naona muhuri, naona wifi yangu anafunua chungu cha Ujiji na mimi simo. Nikajiambia, labda mdomo utasema wenyewe. Siku ile ya kwanza ulisema bila kuniuliza.

Madame alikuwa amesimama kwenye barza, Camille mkononi. Mtoto aliponiona alipiga miguu kama anayeogelea. Nikaangalia maua.

"Sema," Madame akasema.

Philémon alikohoa nyuma yangu. Nilifungua mdomo. Pakatoka pumzi tu.

"Sema!"

"Madame, nisamehe. Siwezi."

"Kwa nini?"

"Wangu walimsifu sokoni. Alikuwa na miezi saba. Nimemzika."

Hakuelewa yote. Akamtazama Philémon, na Philémon, ambaye hakuwa na habari hiyo na alikuwa ameivua kofia yake bila kujijua, akamweleza kwa Kifaransa chake cha jikoni, taratibu, sauti chini. Madame akasikiliza. Akambana Camille kidogo kifuani.

"Malaria nauwa mutoto yako," akasema, si kwa ukali. "Hapana maneno."

"Labda, Madame."

"Maneno hapana kuuwa muntu."

"Labda."

"Basi sema."

"Siwezi kumjaribia mtoto wako, Madame."

Akashusha pumzi kwa nguvu. Alikuwa amechoka, alikuwa amelala vibaya usiku mzima, ilionekana. Na hapo hapo, upande wa pili wa ua, ikasikika sauti ya magurudumu, na sauti ya Madame Pirotte inaita bonjour, bonjour. Walikuwa wanapita barabarani, yeye na boyi wake anasukuma kagari, na ndani ya kagari amekaa Adalbert, amevalishwa kofia ya baharia. Masikio yalikuwa yameikataa kofia. Yalikuwa yametoka nje, moja huku, moja huku, kama milango ya kabati iliyosahauliwa wazi. Kidevu kilikuwa hakijafika. Mtoto mwenye afya, Mungu amlinde, na alitupungia mkono.

Madame alipunga, akatabasamu kwa meno, akangoja mpaka wamepita. Halafu akanigeukia kwa uchungu.

"Na ile? Ile pia iko baya?"

Nilimtazama Adalbert akiondoka, nikamtazama vizuri, maana swali lilikuwa la haki na nilitaka kulijibu kwa haki.

"Hapana, Madame. Yule ni mzuri. Yule unaweza kumsifu asubuhi mpaka jua lizame, hatapatwa na kitu."

Philémon alitoa sauti kama chungu kinachochemka. Akageukia ukuta.

Madame hakucheka mara moja. Niliona maneno yanapita usoni mwake moja moja, kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo: hili, na hili, na hili jiwe, toa. Yule mzuri. Huyu mbaya. Akamwangalia Camille. Akaangalia barabara, ambako masikio ya Adalbert yalikuwa yanaishilia kwenye kona. Akaniangalia mimi.

"Yangu," akasema, "iko baya sana?"

"Kupita wote niliowaona, Madame. Naogopa hata kumwangalia."

Hapo alicheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka ikabidi akae kwenye ngazi, na akiwa anafuta macho kwa mkono mmoja alininyooshea mtoto kwa mwingine, si kwa kufikiri, ila kwa sababu hakuna mtu anayeweza kucheka namna ile na kushika mtoto. Nikampokea. Alikuwa mzito. Nilikuwa nimesahau jinsi wanavyokuwa wazito.

"Philémon! Kalamu!"

Sijapata kumwona mpishi akikimbia namna ile.

Ijumaa, siku ya kumi na tano, Madame alituendesha mwenyewe kwa gari mpaka biro, mimi na Camille nyuma. Karani wa dirishani aliitwa Floribert, mtu nadhifu, miwani, tai imekazwa mpaka shingo imekuwa nyembamba. Akasoma karatasi kwa makini, akasoma sahihi, akarudi mwanzo akasoma tena.

"Kazi ya kulea. Mwanamuke?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Ku bazungu?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona samaki amepanda mti, lakini akauchukua muhuri wake, akaugonga kwenye wino. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, na mbele yake amesimama Madame, akaona haifai kugonga hivihivi bila neno jema. Akainama dirishani, akamtazama Camille mikononi mwangu, akatabasamu.

"Mutoto muzuri sana hii, Madame. Muzuri kabi..."

"Hapana!" Madame akasema, na watu wote kwenye mstari wakageuka. "Hapana muzuri. Baya! Iko baya kama..." Akanigeukia, amesahau.

"Chura," nikamnong'oneza.

"Baya kama chura!"

Muhuri ulibaki hewani. Floribert alimtazama Madame, akanitazama mimi, akamtazama mtoto, ambaye alikuwa anatafuna ncha ya kanga yangu kwa yale meno yake mawili. Madame alisimama wima kama askari, uso haucheki, ila kidevu kilikuwa kinatetemeka kidogo.

"Gonga," akasema.

Floribert akagonga.

Mimi nikamalizia kwa mate kidogo, ptu, kwenye upindo wa kanga, maana sakafu ya biro ilikuwa imepigwa deki, na Madame alikuwa bado hajafika kwenye somo hilo.